Mazungumzo na Bwana Mifugo: Mlinde Punda Wako Majani Yanapochipua



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuku na ugonjwa wa mdondo. Leo tuzungumze juu ya punda.

Watu wengi huona kwamba punda hana haja ya kuzungumziwa. Ng'ombe anaogeshwa. Mbuzi anachanjwa. Lakini punda anaachwa ajitunze mwenyewe. Hata methali zetu hazimhurumii. Tunasema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Mimi nakuuliza wewe mwenye punda: huyu wa leo akifa, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Mara nyingi utabebwa na mama na watoto, kichwani.

Katika mikoa ya kati, kama Dodoma na Singida, mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba. Siku chache baada ya mvua za kwanza nchi hugeuka kijani. Kila mfugaji hufurahi. Lakini kwa punda, huu ni wakati wa hatari. Hatari yenyewe haitokani na njaa. Inatokana na shibe.

KOSA LANGU

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Mwaka 2013 nilikuwa nahudumia kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Hapo palikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa na punda jike mmoja. Punda huyo alikuwa tegemeo la nyumba ile. Wakati wa kiangazi alibeba madumu ya maji kutoka kisimani, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Wakati wa mavuno alibeba magunia ya mtama na karanga kutoka shambani. Siku za gulio majirani walimkodi. Fedha hizo zilinunua chumvi, sabuni na madaftari ya wajukuu.

Mvua ilipoanza, yule mama alikuja kuniuliza.

"Bwana mifugo, mwanangu, punda wangu amechoka na kiangazi. Nimfanyeje apate nguvu?"

Nikamjibu haraka, bila kufikiri. "Mama, majani hayo yamechipua. Mwache ale ashibe. Na jioni mpe pumba."

Mama alifuata maneno yangu kama yalivyo. Punda alikula majani mabichi kutwa nzima. Jioni alipewa pumba. Tena maji yalikuwa yamejaa katika dimbwi karibu na nyumba, kwa hiyo hakuna aliyemtuma kisimani. Alikula sana na kufanya kazi kidogo. Ilipofika Februari alikuwa amenenepa. Shingo ilijaa mafuta. Watu wakamsifu, na mimi nikamsifu.

Asubuhi moja mjukuu wa yule mama alikuja mbio. "Shikamoo. Bibi anasema uje. Punda hataki kutembea."

Nilimkuta punda amesimama kama mtu aliyekanyaga makaa. Miguu ya mbele ameitanguliza mbele. Uzito wake ameuegemeza nyuma. Nilitafuta mwiba, sikuuona. Nilitafuta kidonda, sikukiona. Basi nikasema, "Huyu amekuwa mvivu kwa kukaa bure. Mtembezeni, atanyooka." Wakamtembeza kwa fimbo. Siku ya pili yake punda alilala chini, hakuinuka.

Ndipo nilipomwita daktari wa mifugo wa wilaya. Alipiga magoti, akashika kwato za punda kwa mikono yake miwili. Kisha akanishika mkono na kuuweka pale. Kwato zilikuwa za moto. Aliniambia, "Huyu si mvivu. Huyu ana maumivu makali. Kila hatua mliyomlazimisha imemuumiza zaidi."

Punda yule hakufa. Lakini hakubeba mzigo wowote tangu Februari mpaka mavuno yalipokwisha. Mtama wa yule mama ulibebwa na mkokoteni wa kukodi, na kodi ililipwa kwa magunia ya mtama huo huo. Mengine aliyabeba mwenyewe, debe kwa debe, yeye na wajukuu wake.

Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu. "Mwanangu, ulisoma wapi kwamba shibe ni dawa?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye vitabu vyangu na kwa yule daktari, nikajifunza upya. Haya niliyojifunza ndiyo ninayokuandikia leo.

PUNDA SI NG'OMBE

Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Mwili wake umeumbwa kuishi kwa majani makavu na machache, huku akitembea mwendo mrefu kuyatafuta. Chakula kidogo kinamtosha. Akipata kingi, mwili wake hukiweka akiba kama mafuta. Mafuta hayo hujaa shingoni, mbavuni na kwenye matako.

Tena, punda hali kama ng'ombe. Ng'ombe hucheua. Punda hacheui. Tumbo lake ni moja na dogo. Kazi kubwa ya kusaga majani hufanyika nyuma, katika utumbo mpana. Huko kuna vijidudu vingi vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo ni rafiki. Ndivyo vinavyoyavunja majani magumu yawe chakula cha mwili.

Wakati wa kiangazi vijidudu hivyo vimezoea mabua na nyasi kavu. Ukimbadilishia punda chakula kwa siku moja, vinashindwa. Majani machanga huchacha haraka. Hewa hujaa tumboni. Punda hupata msokoto wa tumbo. Msokoto huo unaweza kumwua kwa siku moja.

Hatari ya pili ni kwa miguu. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Majani machanga, pumba na nafaka huingiza sukari nyingi katika damu ya punda. Hapo mwili hutoa kitu kiitwacho insulini, ambacho kazi yake ni kuitawala sukari. Punda mnene asiyefanya kazi hutoa insulini kupita kiasi. Insulini ikizidi kwa muda mrefu, huharibu kwato kwa ndani.

NDANI YA UKWATO KUNA NINI?

Ukiutazama ukwato kwa nje, waona kitu kigumu kama pembe. Lakini ndani yake kuna mfupa. Mfupa huo haugusi ukuta wa ukwato moja kwa moja. Umeshikwa na nyama laini zilizopangwa kama kurasa za kitabu. Chukua madaftari mawili. Ingiza kurasa za moja kati ya kurasa za lingine, ukurasa kwa ukurasa. Kisha jaribu kuyavuta. Utaona jinsi yanavyoshikana. Ndivyo mfupa unavyoshikana na ukwato.

Ugonjwa huu ukiingia, zile kurasa huvimba na kuanza kuachana. Ukwato ni mgumu, hautanuki, kwa hiyo uvimbe hauna pa kwenda. Hayo ndiyo maumivu. Wewe mwenyewe unajua maumivu ya kidole kilichovimba chini ya ukucha. Sasa fikiri umesimama juu ya kidole hicho kutwa nzima. Kurasa zikiachana sana, mfupa hushuka chini ndani ya ukwato. Mnyama wa namna hiyo huenda asipone kabisa.

Madaktari wa mifugo huuita ugonjwa huu laminaitisi. Si lazima ukumbuke jina. Kumbuka kwamba upo, na kwamba waweza kuuzuia.

Ugonjwa huu si wa kwetu tu. Huko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya kuna majira ya baridi kali. Baada ya baridi, kuanzia mwezi Machi hadi Mei, majani huchipua kwa wingi. Wenye farasi huko huogopa sana miezi hiyo. Hupima saa za mnyama kuwa malishoni, na wengine huwavika farasi kifuniko mdomoni ili wasile sana. Farasi wengi wa huko huvishwa viatu vya chuma. Wengine hutembea bila viatu, kama punda wetu. Mnyama wa namna hiyo hutegemea ukwato wake mwenyewe. Ukwato ukiharibika, hana kitu cha kukanyagia.

MZOESHE POLEPOLE

Sasa tufanye nini? Haba na haba hujaza kibaba. Punda naye azoeshwe majani mabichi haba na haba. Fuata mpango huu kwa majuma mawili.

Siku ya 1 hadi ya 3: Mpe kwanza mabua au nyasi kavu asubuhi. Kisha mpeleke malishoni saa 1 asubuhi, mrudishe saa 2.

Siku ya 4 hadi ya 7: Mwache malishoni muda wa saa mbili.

Siku ya 8 hadi ya 11: Mwache muda wa saa tatu.

Siku ya 12 hadi ya 14: Mwache muda wa saa nne.

Baada ya hapo mtazame mwilini. Kama amekonda, mwongezee muda. Kama amenenepa, usimwongezee. Muda uliobaki akae zizini na chakula kikavu na maji safi.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu majani hutengeneza sukari mchana jua linapowaka. Jioni sukari imejaa. Alfajiri imepungua. Punda mnene asilishwe majani mabichi jioni baada ya siku ya jua kali.

Wengine watauliza, "Nitalipata wapi chakula kikavu mwezi Desemba?" Hili ni swali la kweli. Jibu lake huanza wakati wa mavuno. Usiyachome mabua yote shambani. Usiwaachie ng'ombe wayamalize yote. Weka sehemu juu ya dungu au juu ya mti, mahali ambapo mvua na mchwa havifiki. Akiba hiyo ni ya majuma mawili ya kwanza ya mvua. Punda wa kilo 150 asiyefanya kazi nzito anatosheka na kilo 2 hadi 2 na nusu za chakula kikavu kwa siku. Kwa hiyo kilo 30 hadi 35 zinamtosha punda mmoja kwa majuma hayo mawili.

Kama mwaka huu huna akiba, usikate tamaa. Kata nyasi za zamani zilizosimama bado kichakani. Au kata majani mabichi, yatandaze juani mpaka yakauke vizuri, ndipo umpe. Usiyarundike yakiwa mabichi. Majani yaliyorundikwa hupata joto na kuoza, na hayo humletea msokoto wa tumbo.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa. Usimpe punda mahindi au mabua yaliyoota ukungu. Ukungu wa mahindi una sumu inayoharibu ubongo wa punda na farasi. Mnyama hupofuka, huzunguka ovyo, hugonga kichwa ukutani, kisha hufa. Mahindi usiyoweza kula wewe, usimpe punda.

Na pumba? Punda mwenye kazi nzito au mwenye mimba kubwa aweza kupewa kidogo. Punda mnene asiye na kazi asipewe kabisa. Funga vizuri mlango wa ghala. Punda akiingia ghalani usiku na kula nafaka nyingi, aweza kupata msokoto na ugonjwa wa kwato kwa pamoja.

USIMSHINDISHE NJAA

Baadhi ya watu wakisikia maneno haya hukimbilia upande wa pili. Humfunga punda mnene siku mbili bila chakula ili apungue. Hilo ni kosa la hatari sana. Punda mnene akikosa chakula ghafla, mafuta ya mwilini huingia kwenye damu kwa wingi. Ini hushindwa kufanya kazi. Punda hufa. Kwa hiyo mpunguzie polepole. Mpe mabua makavu badala ya majani mabichi. Ale, lakini ale chakula chepesi.

Tena mpe kazi ya kiasi. Wakati wa mvua maji huwa karibu na punda hukaa bure. Mpeleke akalete kuni. Mtembeze kila siku kama ni mzima. Kutembea ni sehemu ya afya yake.

TAZAMA KWATO KILA SIKU

Wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu na ina mawe. Kwato hujisaga zenyewe. Wakati wa mvua ardhi ni laini. Kwato hazijisagi, lakini zinaendelea kukua. Tena ukwato wa punda hunyonya maji kwa urahisi. Ukikaa kwenye tope unalainika, unapasuka, na uchafu unaingia ndani.

Fanya hivi kila jioni:

1. Mfunge punda kwa hatamu kichwani, usimfunge miguuni. Kamba ya mguuni hukata ngozi.

2. Simama ubavuni pake. Pitisha mkono toka begani mpaka chini. Inua mguu taratibu. Zungumza naye. Punda hutambua sauti ya mtu anayemtunza.

3. Toa tope, mawe na miiba kwa kijiti kigumu kisicho na ncha kali. Anza kisiginoni, elekea mbele.

4. Nusa. Ukwato mzima hauna harufu mbaya. Kama kuna harufu ya kuoza na uchafu mweusi, safisha, kausha, na mhamishie punda mahali pakavu. Kama hapati nafuu, mwite ofisa mifugo.

5. Tazama urefu. Ukwato mzuri umesimama wima na ni mfupi. Ukiona umerefuka mbele kama ndala iliyopinda, unahitaji kupunguzwa.

Kwato zipunguzwe kwa tupa kila baada ya majuma 6 hadi 10. Usikate kwa panga. Mara ya kwanza mwombe ofisa mifugo wa kata akuonyeshe. Tazama vizuri anavyofanya. Mkipunguza sana mtamtoa damu na kumlemaza.

Mjengee pia mahali pakavu pa kulala. Manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri. Chagua sehemu iliyoinuka. Mwaga kokoto chini, juu yake mchanga. Ezeka paa dogo la nyasi. Kazi hiyo ni ya siku mbili tu kwa watu wawili.

DALILI ZA UGONJWA

Punda ni mvumilivu kuliko wanyama wengi. Ng'ombe akiumwa utajua. Punda huficha maumivu yake. Anapoacha kula na kusimama kimya peke yake, usiseme "amepumzika". Huenda ni mgonjwa sana.

Dalili za msokoto wa tumbo ni hizi: hali chakula, hatoi mavi, anageuka kutazama ubavu wake, anakwaruza ardhi, analala na kuinuka mara kwa mara. Wengine hawaonyeshi chochote ila unyonge tu.

Dalili za ugonjwa wa kwato ni hizi: anatembea kwa hatua fupi kama anayekanyaga miiba, anakataa kugeuka, anahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, anatanguliza miguu ya mbele na kuegemea nyuma, analala muda mrefu kuliko kawaida. Shika kwato. Zina joto lisilopoa? Shika nyuma ya mguu juu kidogo ya ukwato. Punda mzima ana mapigo madogo sana ya mshipa hapo, ni vigumu kuyasikia. Punda mgonjwa mapigo yake hugonga kwa nguvu. Jizoeze kumshika punda wako akiwa mzima, ili ujue tofauti siku akiugua.

Ukiona dalili za ugonjwa wa kwato:

Kwanza, msimamishie kazi zote siku hiyo hiyo. Usimtembeze. Usimpige.

Pili, mtoe kwenye majani mabichi. Acha pumba na nafaka. Mpe mabua makavu na maji safi. Usimshindishe njaa.

Tatu, mweke juu ya kitu laini: mchanga mkavu au nyasi kavu nyingi, zifike juu ya kwato zake.

Nne, siku ya kwanza mmwagie maji baridi kwenye kwato mara kwa mara. Maji hupunguza joto na maumivu.

Tano, mwite ofisa mifugo au daktari wa mifugo mapema. Zipo dawa za kutuliza maumivu. Usimpe vidonge vya binadamu. Usimchome miguu kwa chuma cha moto kama wafanyavyo wengine. Moto huongeza kidonda juu ya ugonjwa.

Kwa msokoto wa tumbo, ondoa chakula chote mbele yake na mwite daktari mara moja. Usingoje kesho.

Ujue pia kwamba kupona huchukua muda. Ukwato hukua polepole kutoka juu kwenda chini. Ukwato mzima kujijenga upya huchukua karibu mwaka. Ukimrudisha kazini kabla ya wakati, ugonjwa utarudi.

PUNDA WAKO NI MALI

Kwa miaka mingi punda wa Afrika walichinjwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi zao. Ngozi zilipelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Punda wakapungua na wengi waliibwa. Mwezi Februari 2024 viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo katika bara zima. Waliona kwamba punda akitoweka, anayeumia kwanza ni mtu wa kijijini. Basi na sisi tumlinde huyu tuliye naye zizini.

MWAKA ULIOFUATA

Sasa turudi kwa yule mama mjane.

Mwaka uliofuata, mvua ilipokaribia, nilipita kwake nimsalimie. Nilikuta amekwisha kujenga zizi dogo la miiba kando ya nyumba, mahali palipoinuka. Juu ya dungu kulikuwa na mabua ya mtama, yamefungwa mafungu mafungu. Nilihesabu mafungu 14.

"Shikamoo mama. Haya mafungu ni ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni ya siku kumi na nne. Kila siku fungu moja. Yakiisha, punda amekwisha kuzoea majani."

Mjukuu wake alikuwa darasa la tatu. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumrudisha punda kutoka malishoni kabla ya kwenda shule. Na jioni alisafisha kwato kwa kijiti cha mpingo alichokichonga mwenyewe.

Punda yule alibeba mavuno ya mwaka ule. Hakuwa mnene wa kusifiwa na wapita njia. Mbavu zake hazikuonekana, lakini ukiweka mkono ulizisikia. Hiyo ndiyo hali nzuri ya punda, ndugu msomaji. Nenda kaweke mkono juu ya mbavu za punda wako leo. Kama huzisikii kabisa, amenenepa mno. Kama unaziona kwa mbali, amekonda. Kama huzioni lakini unazisikia kwa vidole, unamtunza vizuri.

TUKUMBUKE

1. Mzoeshe punda majani mabichi polepole kwa majuma mawili.
2. Weka akiba ya mabua tangu wakati wa mavuno.
3. Punda mnene asipewe pumba wala nafaka, lakini asishindishwe njaa.
4. Safisha na utazame kwato kila siku ya mvua.
5. Punda anayekataa kutembea ni mgonjwa mpaka itakapothibitika vinginevyo. Usimpige.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mabua hufanywa nini baada ya mavuno? Tungeweza kuhifadhi kiasi gani?
2. Nani nyumbani mwetu humtunza punda kila siku? Je, mtu huyo amefundishwa kutazama kwato?
3. Kama punda wetu akiugua leo, ni nani wa kumwita, na yuko mbali kiasi gani?

Soma makala hii kwa sauti mbele ya jirani asiyejua kusoma ambaye ana punda. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi nafaka isishambuliwe na dumuzi.

Ndimi, Bwana Mifugo wenu.